Gari likigongwa likiwa limeegeshwa: Usikubali kirahisi 'tumalizane hapa hapa'

NI Jumapili alasiri, msomaji wetu. Asubuhi uliipakia familia garini pale Kitengela, ukapitia Isinya, ukakata hadi Kiserian, kisha ukateremka barabara ya Magadi hadi joto la Bonde la Ufa likaanza kuwachoma mashavu. Watoto wamefurahi. Wameyaona kwa macho yao mashoka ya mawe ya Olorgesailie, yale ambayo Mary na Louis Leakey waliyapata mwaka wa 1942 na ambayo hadi leo yametapakaa pale pale yalipoachwa na watu wa kale.

Mkiwa njiani kurudi mmesimama Oltepesi kununua soda baridi. Jina la kituo hiki ni neno la Kimaasai la aina ya mgunga, ule mti wenye kilele kilichotandaa kama mwavuli. Nawe umeegesha gari chini ya mti wa aina hiyo hiyo, kivulini, mbali kabisa na lami. Umevuta breki ya mkono. Umefunga milango. Hakuna kosa lolote ulilofanya.

Kabla hujamaliza soda, unasikia kishindo. Lori la mchanga lililokuwa likirudi nyuma limeikumbatia sehemu ya nyuma ya gari lako. Bampa limepasuka, taa moja imesagika na buti halifungi tena.

Dereva anashuka huku amejishika kichwa. "Pole sana mzee," anaanza. "Makosa ni yangu, sikatai. Lakini tusiwasumbue polisi. Chukua hii elfu tano, nambari yangu ya simu ni hii, fundi akimaliza kazi utanipigia. Tumalizane hapa hapa kama watu wazima."

Maneno hayo ni matamu. Watoto wamechoka, jua linatua na safari ya kurudi ni ndefu. Wengi wetu tungezitia noti hizo mfukoni na kuondoka. Lakini ukifika kwa fundi kesho, ukaambiwa kwamba kazi yote ni Sh65,000, na simu ya yule dereva iwe haipatikani, utafanya nini? Utaiambia nini kampuni yako ya bima, ambayo haijui kwamba kulikuwa na lori?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makala haya yanahusu daftari hilo. Dereva mwenye haki lakini asiye na ushahidi huambulia patupu, na ushahidi wenyewe hupatikana katika saa ya kwanza, pale pale ajali ilipotokea.

Saa ya kwanza

Jambo la kwanza si kugombana. Hakikisha hakuna aliyeumia, watoe watoto karibu na barabara, kisha utoe simu yako. Kabla lori halijasogezwa, piga picha. Piga ya mbali inayoonyesha magari yote mawili, mti, barabara na maduka, ili mtu ambaye hakuwapo aelewe gari lako lilikuwa limesimama wapi. Kisha piga za karibu zinazoonyesha sehemu zilizoharibika. Usisahau nambari ya usajili ya lori, cheti chake cha bima na alama za magurudumu mchangani.

Pili, andika. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva aliyehusika katika ajali iliyoharibu gari la mwingine asimame, na akiombwa na mtu mwenye sababu ya kuuliza, atoe jina na anwani yake, jina na anwani ya mwenye gari pamoja na nambari ya usajili. Kwa hivyo usione haya kumwuliza. Huombi hisani. Ikiwa hakutoa maelezo hayo kwa sababu yoyote ile, sheria hiyo inamtaka aripoti kwa polisi haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya saa 24 kupita.

Tatu, tafuta shahidi. Mwenye duka, mama anayeuza matunda au mchungaji aliyekuwa amejipumzisha kivulini ameona yote. Mwombe kwa heshima jina na nambari yake ya simu. Kesho atakuwa ameenda na mifugo yake, na hutampata tena kwa urahisi.

Ikiwa wewe msomaji ni mwanafunzi uliyekuwa umeketi kiti cha nyuma, kazi hii yaweza kuwa yako. Baba na mama huwa wamepandwa na hasira wakati huo. Wewe una mikono mitulivu na simu nzuri. Chukua picha, andika saa, andika majina.

Nne, ripoti kwa polisi. Katika barabara ya Magadi kuna vituo vya polisi Kiserian na Magadi. Nenda kilicho karibu au kile utakachoelekezwa. Eleza yaliyotokea bila kuongeza chumvi, hakikisha yameandikwa katika kitabu cha matukio, na uchukue nambari ya tukio, ile inayojulikana kama nambari ya OB. Baadaye utaihitaji ili kupata fomu ya polisi iitwayo abstrakti. Hiyo ndiyo karatasi ambayo kampuni ya bima huiulizia kwanza, kwa sababu huonyesha magari yaliyohusika, madereva wake na kampuni zilizoyapa bima.

Na zile elfu tano? Mikataba mingi ya bima ina kifungu kinachomkataza mwenye gari kukubali makosa au kufikia mapatano yoyote bila idhini ya kampuni. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Kampuni ikishakulipa, hurithi haki yako ya kumdai aliyekugonga. Wewe ukiwa tayari umeshapokea pesa na kumwambia "yameisha", umeifunga mikono. Kampuni yaweza kukataa madai yako, na haitakuwa imekuonea.

Una bima gani hasa?

Hapa ndipo familia nyingi hushtuka. Watu husema "gari langu lina bima" kana kwamba bima zote ni sawa. Hazilingani hata kidogo.

Bima ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, chini ya Sura ya 405, inahusu vifo na majeraha ya watu wengine. Kampuni nyingi huuza bima ya mtu wa tatu, ile inayojulikana mitaani kama thadi pati, ambayo pia hulipia mali ya watu wengine hadi kiwango fulani. Lakini haitengenezi gari lako wewe. Ukiwa na bima hiyo peke yake na ugongwe Oltepesi, kampuni yako haitakulipa hata senti ya taa. Tumaini lako ni kumdai mwenye lori na kampuni iliyolipa bima lori hilo. Ndiyo maana cheti cha lori kina thamani kwako kuliko chako mwenyewe.

Bima kamili, ile iitwayo komprehensivu, hulipia pia gari lako, hata kama aliyeligonga ametoroka na hajulikani. Hata hivyo, nayo ina mipaka yake. Kwa kawaida hasara inayotokana na ghasia za kisiasa haimo, isipokuwa uwe umelipa nyongeza. Waliokuwa wameegesha magari katikati ya Nairobi wakati wa maandamano ya Juni 2024 wanajua umuhimu wa kipengele hicho. Vivyo hivyo, soma mkataba wako unasemaje kuhusu mafuriko na miti inayoanguka. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilituonyesha sote kwamba gari laweza kusombwa na maji likiwa limeegeshwa nyumbani.

Vioo vya madirisha na redio navyo mara nyingi huwekewa kikomo chao. Jiwe likirushwa na gurudumu la lori na kukipasua kioo cha mbele, huenda dai lake likashughulikiwa kivyake.

Leo jioni, kabla ya kulala, toa mkataba wako kabatini na uusome. Si stika tu. Mkataba wenyewe.

Hesabu ya ekses

Neno jingine linalowatoa watu machozi ni ekses. Hii ni sehemu ya gharama ambayo mwenye gari hujilipia mwenyewe kabla ya kampuni kutia mkono mfukoni. Mara nyingi huwa ni asilimia fulani ya thamani ya gari, ikiwa na kiwango cha chini kabisa.

Tuchukue mfano. Gari lako limewekewa bima ya Sh800,000, na ekses yako ni asilimia 2.5. Hiyo ni Sh20,000. Fundi amesema kazi ni Sh65,000. Kampuni italipa Sh45,000 na wewe utatoa Sh20,000. Lakini kama uharibifu ungekuwa wa Sh18,000, usingepata chochote kutoka kwa kampuni yako. Katika hali hiyo, ni afadhali umfuate mwenye lori.

Zipo kampuni ambazo, kwa ada ya ziada, hukuondolea mzigo huo wa ekses. Uliza kabla ya kununua bima. Vilevile, zipo zinazotoza ekses kubwa zaidi ikiwa dereva ni kijana au amepata leseni juzi. Vijana mnaoazima gari la baba siku za likizo, fahamuni kwamba jambo hilo lipo.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa thamani. Baadhi yetu hutaja bei ya chini ili tulipe ada ndogo. Gari la Sh1,000,000 linaandikishwa kuwa la Sh600,000. Siku ya hasara, mkataba wenye kipengele cha uwiano huiruhusu kampuni kusema hivi: uliliwekea bima kwa sehemu sita kati ya kumi, basi nasi tutalipa sehemu sita kati ya kumi. Kwa kazi ya Sh100,000 utahesabiwa Sh60,000, kisha ekses itolewe. Ulichookoa kwenye ada kimekutoka, tena kwa riba. Dawa yake ni kulipeleka gari kwa mthamini anayetambuliwa na kampuni kila unapotaka kuandikisha upya bima yako.

Subiri asesa

Umefika nyumbani, na Jumatatu asubuhi umeijulisha kampuni au ajenti wako. Usichelewe, mikataba hutaka habari itolewe mara moja, na mingine hutaja idadi ya siku. Utapewa fomu ya madai. Pamoja nayo utatakiwa kutoa abstrakti ya polisi, nakala ya logibuku, kitambulisho, leseni ya aliyeliendesha gari siku hiyo, na picha zako. Fomu itauliza nani alilifikisha gari pale hata kama lilikuwa limesimama. Andika ukweli. Uongo mdogo kuhusu dereva waweza kuliangusha dai zima.

Sasa linakuja kosa linalofanywa na watu wengi waaminifu. Gari lina aibu, buti limefungwa kwa kamba, na fundi wa mtaani anasema atalinyoosha kwa siku mbili. Unampa kazi. Wiki inayofuata asesa, yaani mkaguzi wa hasara anayetumwa na kampuni, anakuja na kukuta gari linang'aa. Ataona nini? Ataandika nini?

Usiligeuze gari lolote kabla asesa hajaliona. Mikataba mingine huruhusu matengenezo madogo hadi kiwango fulani cha pesa bila kungoja, na pia hulipa gharama ya brekdauni ya kulivuta gari. Lakini soma kiwango chako kwanza, tena uhifadhi risiti na vipande vilivyovunjika. Kama ni lazima taa ya nyuma ifanye kazi ili gari liweze kutembea usiku, mpigie ajenti, pata idhini kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu.

Asesa akija, uwepo. Mwonyeshe kila kitu, hata vile visivyoonekana kwa haraka. Bampa la plastiki laweza kurudi mahali pake huku chuma kilicho nyuma yake kimepinda. Sakafu ya buti, mahali pa gurudumu la akiba, huenda imekunjika. Mlango wa nyuma waweza kuwa unafunga kwa taabu. Jambo lisiloandikwa katika ripoti yake ni vigumu kuliongeza baadaye, ingawa gereji ikifungua na kukuta hasara iliyofichika inapaswa kumwita aje tena kabla ya kuendelea.

Fundi yupi?

Kampuni nyingi zina orodha ya gereji zinazofanya kazi nazo. Ukienda huko, bili hupelekwa kwa kampuni moja kwa moja nawe hulipa ekses yako tu. Ukimtaka fundi wako, uliza kwanza kama atakubaliwa.

Kama huna bima kamili na unajitengenezea mwenyewe huku ukimdai mwenye lori, pata makadirio ya bei kutoka kwa mafundi wawili au watatu, yaliyoandikwa kwenye karatasi zenye majina ya gereji zao. Waombe watenganishe bei ya vipuri, ya kunyoosha bodi, ya rangi na ya kazi ya mikono. Makadirio yanayosema "kazi yote elfu sitini" hayamshawishi mtu yeyote, sembuse hakimu.

Kuhusu vipuri, kubaliana mapema kama vitakuwa vipya au vilivyotumika, vile tunavyoviita eksi-Japani. Kwa gari lenye miaka mingi, taa iliyotumika lakini nzima ya kampuni iliyolitengeneza gari yaweza kuwa bora kuliko mpya ya bandia. Fahamu pia kwamba kampuni ya bima ikibadilisha kitu kilichokuwa kimechakaa kwa kipya, kama vile tairi au betri, yaweza kukutaka uchangie tofauti, kwa kuwa umepata kilicho bora kuliko ulichopoteza.

Kabla ya kuliacha gari gereji, toa vitu vyako. Andika kilomita zilizosomeka, kiasi cha mafuta, gurudumu la akiba, jeki na redio. Mwombe msimamizi atie sahihi. Hii si dharau kwa fundi. Inawalinda nyote wawili.

Usitie sahihi gizani

Gereji ikimaliza utapewa hati ya kukubali kwamba umeridhika. Ukishatia sahihi, kulalamika huwa kugumu. Kwa hivyo nenda kulichukua gari mchana, likiwa limeoshwa. Lizunguke polepole. Linganisha rangi ya sehemu mpya na ya zamani ukiwa juani. Funga na ufungue buti mara kadhaa. Nafasi kati ya bodi na mfuniko ziwe sawa pande zote. Mwagia maji uone kama yanaingia ndani. Washa taa zote, jaribu kamera ya nyuma kama ipo, kisha liendeshe umbali mfupi.

Kama kuna kasoro, itaje kwa maandishi na usitie sahihi hadi irekebishwe.

Mwenye lori akikukwepa

Tuseme bima yako ni ya mtu wa tatu tu, na mwenye lori anakuzungusha. Njia bado ipo. Kwanza, kwa kutumia nambari ya usajili, unaweza kutafuta rekodi ya mwenye gari katika mfumo wa NTSA kupitia eCitizen kwa kulipa ada. Mwandikie barua ya madai pamoja na kampuni yake ya bima, ukiambatanisha nakala za abstrakti, picha, makadirio na risiti. Weka nakala yako.

Wakinyamaza, Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa ajili ya watu kama wewe. Sheria yake ni ya mwaka wa 2016, na mahakama ya kwanza ilianza kazi Nairobi mwaka wa 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya hasara iliyosababishiwa mali ya mtu. Unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60. Ila usilale: muda wa kudai hasara ya aina hii kortini ni miaka mitatu tangu siku ya tukio.

Na ikiwa inayokuzungusha ni kampuni yako mwenyewe, andika malalamiko rasmi kwake kwanza. Usiporidhika, yapeleke kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, ambayo husimamia kampuni hizo zote. Mamlaka hiyo pia huchapisha orodha ya kampuni zenye leseni. Itazame kabla ya kununua bima, kwani Wakenya wameshuhudia kampuni zikianguka na kuwaacha wateja wakihangaika, kama ilivyokuwa kwa United Insurance mwaka wa 2005 na Blue Shield mwaka wa 2011.

Rudi sasa pale Oltepesi, msomaji. Dereva wa lori bado amenyoosha mkono wenye noti. Si lazima umfokee. Huenda ni kijana mwenye familia, naye anamwogopa tajiri wake kuliko anavyokuogopa wewe. Mwambie hivi: "Sina ugomvi nawe, kaka. Lakini gari hili si langu peke yangu, ni la hawa watoto. Nipe jina lako, nipige picha cheti chako, halafu twende pamoja tukaripoti. Bima ya tajiri wako ipo kwa ajili ya siku kama hii."

Mara nyingi mtu akiambiwa hivyo hutulia. Kama amelipa bima, hana la kupoteza. Kama hajalipa, basi umegundua jambo hilo mapema, akiwa bado amesimama mbele yako na nambari ya lori ikiwa tayari simuni mwako.

Kabla ya safari yako ijayo, weka kalamu na daftari dogo katika kisanduku cha gari, pamoja na nambari ya ajenti wako na nakala ya mkataba. Gharama yake haifiki bei ya soda ile uliyokuwa ukinywa kivulini.